Farasi Anasusa Ndoo: Kutafuta Chanzo, Kusafisha, na Kujua Lini Ndoo Imekwisha

Zuhura alisusa chakula siku mbili mfululizo. Si farasi mwenye maringo ya chakula; asubuhi ukimchelewesha kidogo anapiga kwato mlangoni mpaka jirani anaamka. Safari hii alikuwa anaingiza pua kwenye ndoo, anaitoa, anapuliza kwa nguvu, halafu anageukia ukuta. Tulimpima joto, likawa la kawaida. Tukamfungua kinywa tukatazama magego, hatukuona kitu. Mwishowe tukamwita daktari wa mifugo, mzee ambaye amehudumia wanyama wa Kigamboni tangu enzi za kuvuka kwa pantoni tu. Hakuanza na farasi. Alimimina pumba zote kwenye karai, akapitisha kidole kwenye pembe, pale ukuta wa ndoo unapokutana na kitako, kisha akaninyooshea kile kidole. Kilikuwa na ute wa kahawia unaonuka kama tembo la mnazi lililolala.

"Mwanangu, wewe ungekula humu?" akaniuliza.

Ndoo ile tulikuwa tunaiosha kila siku. Tulikuwa tunaisugua kwa mchanga na stili waya kama tunavyosugua masufuria nyumbani, na tulijisifu kwa hilo. Kumbe kadiri tulivyosugua ndivyo tulivyozidi kuutengenezea uchafu makazi. Ilinichukua muda kukubali kwamba ndoo nyingi za bandani kwetu hazikuwa zimechakazwa na farasi. Tulizichakaza sisi, kwa namna tulivyozisugua na mahali tulipoziacha baada ya kuzisugua.

Nayapanga matatizo hapa chini kwa jinsi yanavyojitokeza kwa macho, pua na vidole, kisha natafuta chanzo. Nayajua ya Dar es Salaam, yaani ya mji wenye joto, hewa ya chumvi, mchanga kila mahali na maji ya kisima yasiyotabirika.

Kwanza, jaribio la karai

Kabla ya kulaumu ndoo au farasi, mpe farasi chakula kilekile kwenye karai au beseni safi ambalo halijawahi kutumika bandani. Usibadilishe kingine chochote: pumba zilezile, kipimo kilekile, mahali palepale. Akila, tatizo ni ndoo. Asipokula, chukua konzi ya pumba kutoka gunia jingine ujaribu tena. Akila hiyo, tatizo ni gunia. Akikataa vyote, sasa ni habari ya farasi mwenyewe. Mpime joto. Farasi mzima aliyepumzika huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Ikiwa anajitazama ubavuni, anajilaza na kuinuka, anachimba chini kwa mguu, au hajatoa mavi tangu jana, achana na ndoo upige simu ya daktari saa hiyohiyo. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichomkera tumboni hakina njia ya kurudi.

Ananusa, anarudi nyuma, hali

Ndoo ikithibitika kuwa na kosa, harufu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Pua ya farasi inanasa vitu ambavyo sisi hatuvihisi, kwa hiyo usiseme "mbona mimi sinusi kitu". Mimina maji ya moto kidogo ndani ya ndoo tupu, funika kwa kifuniko au kipande cha ubao dakika tano, kisha funua na uinamishe pua. Mvuke utakuletea kilichojificha.

Ukipata harufu ya pombe au ya uchachu, ni mabaki ya pumba zilizoloweshwa au molasi. Kwenye joto la Januari, kaskazi ikivuma, pumba zenye maji zilizolishwa asubuhi huwa zimeanza kuchacha kabla ya mchana. Kisichofikiwa na ulimi kinabaki kwenye pembe na chini ya ukingo, kinakauka na kuwa ukoko. Mlo unaofuata unamiminwa juu ya ukoko huo, unaulowesha, na uchachu unaanza upya. Dawa yake si ngumu: ndoo ioshwe ndani ya nusu saa baada ya farasi kumaliza, wakati mabaki bado ni laini. Ukoko ukishakauka, usiukwaruze. Jaza maji ya uvuguvugu, acha usiku kucha, asubuhi utatoka kwa dodoki.

Harufu ya sabuni au jiki maana yake hukusuuza vya kutosha. Suuza mara tatu, na mara ya tatu yapitishe maji mpaka kwenye masikio ya ndoo na chini ya ukingo uliojikunja, kwa sababu povu hujificha humo. Sabuni ya unga yenye manukato makali ndiyo inayokawia zaidi kutoka. Mimi nimebaki na sabuni ya kipande, ile ya mche.

Harufu ya ukungu, kama ya chumba kilichofungwa masika nzima, isikupite. Mara nyingi haitoki kwenye ndoo yenyewe ila kwenye kilichomo. Watanzania tunaijua sumukuvu tangu iue watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa farasi kuna aina moja, fumonisini, inayoota kwenye mahindi na kuharibu ubongo wake, na katika mifugo yote hakuna anayeathirika nayo kwa wepesi kama yeye. Mahindi au pumba zenye madonge, vumbi la kijivu au harufu hiyo hazichambuliwi wala hazianikwi ili zitumike. Zinatupwa, na ndoo iliyozibeba inaoshwa kama ndoo ya mgonjwa.

Halafu panya. Ndoo zikilala wazi kwenye stoo ya chakula, panya hukojoa ndani, na farasi atazisusa. Shukuru akisusa, maana mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospira, vilevile vinavyoleta homa ya mgunda iliyotangazwa Lindi mwaka 2022. Mtu naye huambukizwa. Ndoo zilale zimefunikwa kifudifudi juu ya chanja, zisiwe sakafuni.

Umeosha, bado inateleza

Hili ndilo lililomkuta Zuhura.

Funga macho, pitisha kidole ndani ya ndoo kavu uliyoiosha jana. Ndoo nzima huhisi kama sahani. Ndoo mgonjwa huhisi kama kobe wa pwani, kuna mistari mistari. Sasa ilowanishe na upitishe tena. Kama pale penye mistari panateleza, huo ni utando wa bakteria walioshikamana na kujifunika ute wao wenyewe. Ute huo unawakinga, ndiyo maana jiki unayoimwaga juu yake inaishia nje na kuwaacha waliomo ndani. Kesho wanazaana tena, na keshokutwa ndoo inateleza kama kawaida.

Wanashikilia wapi? Kwenye mikwaruzo. Plastiki mpya haina pa kushika. Chembe moja ya mchanga ikikandamizwa na kiganja inachora mfereji usiouona kwa macho, lakini kwa bakteria ni korongo. Stili waya inachora mamia kwa dakika moja. Sisemi mchanga na stili waya ni vibaya kila mahali. Sufuria la alumini linavumilia. Plastiki haivumilii.

Hivi ndivyo tunavyosafisha sasa, na utaratibu wenyewe ni muhimu kuliko dawa. Kwanza toa mabaki kwa maji matupu. Pili, sabuni ya mche na dodoki, ukizunguka kutoka mdomoni kwenda kitakoni, na brashi ya meno iliyozeeka kwa ajili ya pembe, ukingo na masikio. Tatu, suuza. Hapo ndipo jiki inapoingia, kwenye ndoo ambayo tayari ni safi kwa macho, kwa sababu klorini inamalizwa nguvu na uchafu. Ukiimwaga juu ya pumba inapambana na pumba. Mililita 600 za jiki ya kawaida ya dukani kwenye ndoo ya maji ya lita 20 zinatosha kwa usafi wa kila wiki. Zamisha ndoo ndogo humo, au pakaza ndani kwa kitambaa na uiache ikiwa imelowa, dakika kumi kamili kwa saa. Suuza mara tatu. Kausha.

Kukausha ndiko watu wanakokuruka. Ndoo ikipangwa ndani ya nyingine ingali na maji, ile hewa iliyobanwa katikati inakuwa chungu cha kuoteshea uchafu. Ianike kifudifudi, upande mmoja umeinuliwa na kijiwe ili hewa ipite. Nusu saa ya jua inasaidia kuua vijidudu. Baada ya hapo irudishe kivulini, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Jiki inataka heshima. Usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa nyingine ya choo, inatoa gesi inayochoma mapafu. Na usimwage maji yake kwenye sakafu ya banda yenye mkojo wa farasi, maana amonia ya mkojo ikikutana na klorini nayo hutoa gesi mbaya. Tuna shimo la kumwagia nje, mbali na mlango. Jiki inayokaa juani au kwenye chupa isiyofungwa vizuri inapoteza nguvu, kwa hiyo ile iliyokaa dirishani tangu mwaka jana ni maji yenye harufu tu.

Ndoo ikipitia haya yote mara mbili na bado inateleza, mikwaruzo imezidi. Hakuna dawa. Kwa chakula na maji, imekwisha.

Ndoo ya maji: ukijani na magamba meupe

Ukijani ni mwani, nao unataka mwanga na maji yaliyosimama. Ndoo nyeupe inayopitisha mwanga huota mwani haraka kuliko nyeusi au ya bluu iliyokoza. Hamishia kivulini, mwaga maji yote kila asubuhi badala ya kujazia juu ya ya jana, sugua kwa dodoki. Nimeona watu wakijazia juu kwa wiki nzima kwa sababu maji ya bomba yamekatika na kila lita ina thamani, na ninawaelewa. Basi hayo ya chini mwagilieni miti, msimpe farasi. Katika joto letu anakunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na akiyachukia maji atakunywa pungufu, mavi yatakuwa makavu, na tumbo litafuata.

Magamba meupe yana vyanzo viwili na jaribio ni moja: loweka kwa maji ya bomba usiku mmoja. Yakiyeyuka ni chumvi ya kisima, nayo inakwambia uonje maji hayo wewe mwenyewe. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi, na kisima kilichokuwa kitamu wakati wa masika kinaweza kuchachuka kiangazi kikikaza. Yasipoyeyuka ni chokaa. Pakaza siki au maji ya ndimu, acha saa moja, sugua, suuza sana. Siki iwe siku yake na jiki siku yake. Na isiguse ndoo ya bati, maana asidi inayeyusha zinki iliyoipaka.

Mchanga kwenye mavi

Hapa ndipo ndoo iliyochakaa inapogeuka kutoka kero kuwa hatari, na hapa pwani hatari hiyo ipo karibu kuliko mahali pengi.

Radi, farasi wetu mwingine, alikuwa na ndoo yenye ufa kwenye kitako, ufa wa urefu wa kidole. Pumba zilivuja kidogo kidogo kila mlo. Farasi hawezi kuacha pumba chini; alipomaliza ndoo alishusha midomo akaanza kuokota kwenye mchanga, akilamba mpaka pakawa na shimo dogo la duara. Saisi wetu, yaani mtunza farasi, aliliona kila siku akadhani ni mchezo wa farasi. Mchanga alioulamba haukutoka wote. Ni mzito, unatuama kwenye utumbo mpana, unakwaruza kuta zake, na ukiwa mwingi unaziba njia. Radi alianza na kuhara kwa vipindi, halafu jioni moja akalala akijiviringisha. Daktari alipoweka kipima sauti chini ya tumbo alinipa nisikilize. Ilikuwa sauti ya mawimbi madogo yakirudi nyuma kwenye ufuo wa Mjimwema, mchanga ukisagika. Sijaisahau.

Jaribio lake unaweza kulifanya bila vifaa. Chukua chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani, ya lita moja na nusu, ukate sehemu ya juu. Subiri farasi atoe mavi, kisha chukua madonge sita ya juu kabisa, yale ambayo hayakugusa ardhi. Yavunje ndani ya chupa, jaza maji, koroga kwa kijiti mpaka yatawanyike, acha yatulie dakika 20. Nyasi zitaelea au kusimama katikati. Mchanga utatua chini, utauona kama mstari, na ukiigusa chupa kwa nje na kuitikisa taratibu utauona ukitembea. Ukizidi kijiko cha chai, mwite daktari mzungumzie matibabu. Usipouona usijipe uhakika pia, kwa kuwa farasi anaweza kuuhifadhi ndani siku kadhaa bila kuutoa. Rudia siku tatu.

Chanzo kikiwa ndoo, tafuta ufa kwa kujaza maji na kuiweka juu ya saruji kavu robo saa. Ufa wa kitako hauzibiki. Najua mafundi wanaopita mitaani na chuma cha moto kuunganisha plastiki, na kwa ndoo ya kufulia kazi yao ni nzuri. Kwa farasi kile kiungo kinabaki na kovu lenye makali, chakula kinashika, ulimi unakwaruzika, na siku ataikanyaga ufa unarudi palepale. Kama ndoo ni nzima ila farasi anamwaga kwa kuirusha, tatizo ni namna ilivyowekwa. Weka ndani ya tairi kuukuu ili isipinduke, lakini kagua tairi lote kwa mkono kwanza, maana matairi yaliyolika hutoa nyaya ncha nje. Chini yake tandika mpira mzito au saruji, upana wa hatua mbili kila upande, ufagiwe kabla ya kila mlo. Na usimpe majani makavu juu ya mchanga; hata hori la mbao la fundi wa mtaani linatosha.

Akidondosha vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu, ndoo haina hatia. Ni meno.

Imekuwa nyeupe kama imepakwa chokaa

Hili ni jua. Plastiki iliyoachwa juani inavunjika ndani kwa ndani. Kwanza rangi inapauka, kisha inaacha vumbi jeupe kidoleni, kisha inakatika. Shika mdomo wa ndoo kwa mikono miwili uubane kwenda ndani. Nzima inajikunja na kurudi. Iliyokufa inalia, na ukitazama karibu utaona nyufa nyembamba kama nywele. Ndoo hiyo itapasuka siku farasi atakapoweka mguu ndani, na itapasuka vipande vyenye ncha. Itoe leo. Na ndiyo sababu nikasema nusu saa ya jua inatosha.

Kutu

Ndoo za bati zinadumu sana bara. Huku kwetu, upepo wa bahari unazila kuanzia kwenye mshono wa kitako na matundu ya mkono. Kutu ya juujuu haimdhuru farasi, lakini bati lililolika lina meno. Pitisha kitambaa cha pamba ukingoni na kwenye mshono. Kikinasa nyuzi, midomo ya farasi nayo itanasa. Kama ukingo ndio mbovu na kitako ni kizima, mafundi wa bati wa Gerezani wanaweza kuukunja upya juu ya waya. Mimi nilipeleka mbili, zikatumika zaidi ya mwaka. Jiki nayo inachochea kutu, kwa hiyo bati lioshwe kwa maji ya moto na sabuni.

Kidonda kwenye kope

Farasi ameamka na kope la juu limechanika, hakuna msumari ukutani, hakuna aliyempiga. Tazama pale waya wa mkono unapoingia sikioni mwa ndoo. Ncha yake hujikunja kama ndoana, na farasi anayejikuna uso kwenye ndoo hunasa kope, anashtuka, anavuta kichwa juu. Kope ni la kushonwa na daktari siku hiyohiyo. Usilikate hata kama linaning'inia, jicho linalihitaji ili lisikauke.

Kinga yake: toa mkono kabisa kwenye ndoo ya kulishia inayokaa chini. Hiyo pia inazuia mguu kunaswa. Kwenye ndoo ya maji inayotundikwa, geuza ncha zitazame ukutani, zibane kwa koleo, uzungushie utepe wa fundi umeme mara nne tano. Itundike kwa kamba ya katani inayokatika farasi akivuta kwa nguvu, usitumie waya. Utepe unaachia kwenye joto, kwa hiyo ukague kila Jumamosi.

Makamasi yameenea banda zima

Mmoja anatoka makamasi mazito ya njano, tezi za chini ya taya zimevimba, na wiki inayofuata wawili wengine wamefuata. Inaweza kuwa ugonjwa wa majipu ya koo unaoletwa na bakteria Streptococcus equi, nao husafiri kwa ndoo ya maji ya pamoja kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Kwenye maji bakteria hao wanaweza kuishi wiki kadhaa. Mtenge mgonjwa, mwite daktari, na ndoo zake zipigwe jiki yenye nguvu, sehemu 1 kwa 9 za maji, baada ya kuoshwa. Ndoo iliyokwaruzika sana ichomwe au itupwe, kwa kuwa huwezi kuiamini.

Sisi tumepaka rangi nje ya kila ndoo: Zuhura nyekundu, Radi bluu, Tausi njano, mdogo wao kijani. Hata mgeni aliyekuja kusaidia siku moja hawezi kukosea. Na bomba la mpira la kujazia lisizamishwe ndani ya maji ya ndoo moja kisha likahamia nyingine, lishikwe juu.

Ndoo iliyotoka kwa kuku

Hili halina dalili ya mapema, na ndilo ninalolisema kwa sauti kwa kila anayeanza kazi bandani. Dar es Salaam karibu kila uwanja una kuku wa nyama, na ndoo zinaazimana. Chakula cha kuku wa nyama mara nyingi huchanganywa dawa ya kuzuia kuhara damu, kama monensini au salinomisini. Kuku anaistahimili. Farasi, miligramu 2 au 3 tu za monensini kwa kila kilo ya uzito wake zinaweza kumuua kwa kuharibu moyo na misuli, na hakuna dawa ya kuiondoa. Mabaki ya unga kwenye ndoo ni machache kuliko gunia, lakini mtu anayechanganyia chakula nyumbani hushika ile dawa ikiwa nzito, kwenye ndoo ileile, kwa kijiko kilekile. Kwa hiyo hatuoshi ndoo ya kuku tukaifanya ya farasi. Haiingii mlangoni. Jirani akija kuazima, namwambia, "Chukua dada, ila hii isirudi," na nanunua nyingine.

Farasi aliyekula chakula cha kuku, akawa dhaifu, anatokwa jasho, anayumba miguu ya nyuma au anapumua kwa shida, asitembezwe. Asimame alipo mpaka daktari afike, na gunia lihifadhiwe alione.

Kununua nyingine

Kariakoo utapata za kila aina, na bei rahisi huwa ina sababu. Bana mdomo wake kama nilivyoeleza. Nyembamba utaisikia mara moja. Pindua utazame alama ya pembetatu kitakoni: namba 2 au 5 zinafaa. Namba 2 huvumilia vizuri kukanyagwa. Ndoo isiyo na alama yoyote, yenye rangi nyeusi ya kuchanganyika na harufu ya moshi, imeyeyushwa kutoka plastiki usiyojua ilikuwa ya nini.

Ndoo za lita 20 zilizokuwa na mafuta ya kula ni nzuri mno, nene na za chakula. Tatizo ni kuzitofautisha na za rangi zikishabanduliwa lebo. Muuzaji mmoja aliwahi kuniambia, "Kaka, hii ya mafuta, chukua bila wasiwasi," nami nikaichukua bila wasiwasi. Nyumbani niliijaza maji ya moto, nikafunika usiku, asubuhi nikanusa rangi ya ukutani. Sasa nanusa palepale dukani, kisha napitisha ukucha kwenye mfereji wa kifuniko. Mafuta huacha utelezi wa njano, rangi huacha ganda. Ndoo na madumu ya dawa za mashamba hayaoshwi yakafaa, hata ukiambiwa yameoshwa mara kumi.

Kwa kulishia chagua pana na fupi kuliko nyembamba na ndefu. Farasi halazimiki kusukuma kichwa mpaka machoni, na mlafi hapigi matonge makubwa yanayoweza kumkwama kooni. Nunua mbili kwa kila farasi, moja ikauke wakati nyingine inatumika. Kwa maji, mbili za lita 20 zilizotenganishwa, ili akiipindua moja usiku asilale na kiu. Ndoo mpya ioshwe kwa sabuni na ikae na pumba kavu kidogo siku moja kabla ya kutumika, ipoteze harufu ya duka.

Iliyokwisha usiiache pembeni "ya akiba", kwa sababu asubuhi ya haraka mtu ataishika. Sisi tunaikata mdomo kwa msumeno na kuitoboa kitako matundu matatu siku ileile. Ya Zuhura ina mchaichai sasa, kando ya shimo la kumwagia maji.